Sabuni na Gego Lenye Ufa

Gego la Sabuni lilipata ufa kwenye harusi ambayo hakualikwa. Alikuwa ameketi meza ya mbele, katikati ya wajomba wa bwana harusi, na wajomba wenyewe walidhani ni shemeji wa upande wa pili. Alikuwa anautafuna mfupa kwa bidii ya mtu asiyejua mlo wa bure unaofuata utatokea wapi. Kitu kikalia kacha ndani ya kinywa. Akafikiri ni mfupa. Akautoa, akautazama, mfupa mzima.

Mtaani walimwita Sabuni kwa sababu kila aliyejaribu kumshika alibaki na povu mkononi. Aliwahi kumuuzia mtu kiwanja chenye kisima, na mnunuzi alipofika na mafundi wake akakuta kisima ni cha manispaa na kiwanja ni barabara. Aliwahi pia kukusanya michango ya msiba, na kati ya waliochanga alikuwemo marehemu mwenyewe, ambaye hakuuliza nani amekufa. Pamoja na hayo, ukimwita mwizi alinuna siku nzima. Mwizi, alisema, anachukua kitu cha mtu bila kupewa. Yeye watu walimpa kwa mikono yao miwili, na wengine walimshukuru.

Asubuhi ya baada ya harusi shavu lilikuwa linapiga kama ngoma. Akajikongoja hadi kwenye zahanati ya meno, iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na saluni ya dada yake. Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa watu walioshika mashavu. Kila mmoja alikuwa anasikiliza mashine inayolia nyuma ya mlango na kumhurumia aliye ndani, huku akijihurumia zaidi mwenyewe.

Mlango ukafunguka, akatoka mwenye duka la vyuma, mtu mnene anayejulikana kwa kupima misumari mara mbili ili isizidi. Akajitupa kwenye benchi karibu na Sabuni.

"Eti jino linataka kofia," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Jino. Kofia. Nyumbani nitaeleza nini? Mke wangu hajapata kilemba kipya tangu mwaka jana, halafu niseme nimemnunulia gego kofia?"

"Pole sana, mzee," alisema Sabuni.

"Mimi natafuta mtu mwingine tu aliangalie, aniambie halihitaji."

Sabuni aliacha kusikia maumivu. Mzee huyu hakusema anatafuta mtu wa kumwambia *kama* linahitaji. Alisema *halihitaji*. Jibu alikuwa nalo tayari, mfukoni, karibu na pochi, na alichokosa ni mtu mwenye sura ya kitaalamu wa kumsomea. Sabuni akalitazama benchi lote, shavu kwa shavu, akaona kila mmoja pale amekuja na jibu hilo hilo. Moyo wake ukajaa upendo kwa binadamu wenzake.

Alipoitwa ndani, hakuingia kama mgonjwa. Aliingia kama mwanafunzi.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyepanda juu ya kigoda ili afikie vizuri vinywa vya watu warefu. Alimgonga jino kwa kishikio cha kioo chake kidogo. Akamng'atisha kijiti, akamwambia aachie. Kwenye kuachia, Sabuni aliona nyota mchana. Kisha akapigwa picha ya jino, na daktari akaitazama kwa muda mrefu kwenye mwanga.

"Hili linahitaji kofia," alisema.

"Daktari, samahani, nifundishe. Unaamuaje?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza hivyo, kwa hiyo daktari alifurahi, akajibu kwa urefu. "Kwanza natazama jino limebaki kiasi gani. Kama tundu ni dogo na kuta zake zimesimama, naziba tu, unaenda zako. Kama ukuta umeanguka, au jino limeshatibiwa mzizi na limebaki kavu kama gamba, au lina ufa unaouma unapoachia kama lako, kuziba hakutoshi. Kila ukitafuna unalipanua, kama kabari kwenye ukuni. Kofia inalikumbatia pande zote, lisiachane."

"Na nikingoja?"

"Leo ufa umeishia juu ya ufizi. Ukishuka chini yake, sitakuwa na kitu cha kuvisha."

"Kwa hiyo kila mtu anahitaji kofia."

"Hata kidogo. Leo hii nimemrudisha mama mmoja. Alitaka kofia apendeze. Jino lake zima, nikamwambia aende nyumbani akapige mswaki."

Sabuni alimtazama kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kumrudisha mmoja ili wengine waamini. Yeye mwenyewe, katika miaka yote ya kazi, hakuwahi kufikia utulivu kama ule. Wala haikumpitia akilini kwamba mwanamke yule alikuwa anasema tu kilichomo ndani ya jino. Akamwambia atafikiria, akamshukuru, na mlangoni akageuka kumtazama tena, kama mtu anayeaga mwalimu mkuu.

Saluni ya dada yake ilifunguliwa mchana, kwa kuwa wateja wake walikuwa watu wa maofisini. Asubuhi zote ilikaa kimya, na ufunguo wa akiba alikuwa nao Sabuni, aliyekuwa ameahidi kufagia. Ndani mlikuwa na kiti cha kuoshea nywele, kinacholaza kichwa nyuma kwenye beseni, na kulikuwa na draya, ile ya kusimama, yenye kofia kubwa ya kumfunika mtu kichwa. Joho jeupe la kupakia rangi ya nywele lilimkaa vizuri sana. Lilikuwa na doa moja la kahawia mgongoni, kwa hiyo kila alipomsindikiza mgonjwa mlangoni alitembea kinyumenyume, na watu wakaona ni adabu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vyuma, aliyesikia kwamba ng'ambo kuna mtaalamu mwingine.

"Hii mashine nimeiona saluni," alisema mzee, kichwa kikiwa ndani ya draya.

"Umeona ndugu yake. Zinatengenezwa na kiwanda kimoja. Ile inakausha, hii inapiga picha. Usipumue sana, mzee, picha inatikisika."

Draya ikavuma. Mzee akaacha kupumua kabisa, akawa mwekundu masikioni, mpaka Sabuni akamhurumia na kuizima. Kisha akamlaza kwenye kiti cha beseni, akamulika kinywa kwa tochi ya simu, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Daktari wa uongo wa kawaida angeanza kusema mara moja.

"Ufa upo," alisema hatimaye. "Siwezi kukuficha."

Mzee akafumba macho.

"Lakini ni ufa wa juu juu. Kuta zimesimama. Kofia hapa ni kumvika mtu koti wakati wa jua."

"Nilijua," alisema mzee, na chozi likamtoka kweli, likatiririka hadi sikioni. "Nilijua mimi. Yule mama anataka kunimaliza."

"Tusimseme vibaya. Ana ada za watoto. Nitakupaka gamba la kioo, dawa mpya, litafunga ule ufa. Na usitafune upande huu."

Gamba la kioo lilikuwa rangi ya kucha isiyo na rangi, kutoka rafu ya dada. Alilipaka kwa brashi yake ndogo, tabaka mbili, akampepea mzee mdomoni kwa jarida la mitindo ya nywele mpaka likakauka. Mzee alibishana juu ya bei kama anayenunua mabati, akalipa, akaondoka akiimba.

Ushauri wa kutotafuna upande ule Sabuni alikuwa ameuiba kwa daktari, na ndiyo dawa pekee iliyokuwa ikifanya kazi. Watu walitafuna upande mwingine, maumivu yakapoa kwa muda, wakaenda kuwaambia jirani zao. Benchi la ng'ambo likaanza kupungua. Sabuni akawa anaingia pale asubuhi, anaketi, anashika shavu, anasema kwa unyonge kwamba na yeye aliambiwa kofia, lakini kuna mtaalamu mmoja alimwona. Baada ya hapo anavuka barabara, anaingia saluni kwa mlango wa nyuma, anavaa joho, anawapokea aliowatuma mwenyewe. Wachache waligundua kwamba mtaalamu anafanana na yule kaka wa benchi. Aliwaambia ni pacha wake, na kwamba hawaelewani.

"Rangi yangu ya kucha inaisha," dada yake alisema mchana mmoja, akiiinua chupa kwenye mwanga. "Na wiki hii sijapaka mtu."

"Ni joto, dada. Inakauka yenyewe."

"Inakauka na kifuniko kimefungwa?"

"Ndiyo ubaya wa joto la siku hizi."

Dada alimtazama kwa jicho ambalo amekuwa akimtazama nalo tangu utotoni, akaenda kununua chupa nyingine. Hakujua kwamba pesa za kununulia chupa mia zilikuwa zimelala juu ya kichwa chake, kwenye rafu ya juu, ndani ya kopo tupu la dawa ya nywele. Sabuni hakuziweka benki. Alisema benki kuna wajanja.

Lililokuwa la ajabu zaidi ni kwamba alianza kumwamini mtaalamu. Alipotamka mara nyingi mno, kwa sauti ile nzito, kwamba ufa ni wa juu juu, akaona hakuna sababu ufa wake mwenyewe uwe tofauti. Asubuhi moja alijilaza kwenye kiti, akashika kioo cha mkono, akajipaka tabaka mbili na moja ya ziada kwa kuwa ni mwenye zahanati. Akajipepea. Akajiambia asitafune upande ule. Aliridhika na huduma, ila hakujilipa.

Ndipo akaja bibi mmoja.

Hakutumwa na mtu kutoka kwenye benchi. Alisukuma tu mlango, akaingia na mkoba mweusi mkubwa na pete katika vidole vingi, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Sabuni, akiinama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mtaalamu wa kofia?"

"Ndimi, bibi. Karibu sana."

"Jino linaniua. Hili hapa juu. Silali. Nikinywa cha moto, naliona. Nikinywa cha baridi, naliona. Nikikaa kimya bila kunywa, ndiyo kabisa. Mjukuu wangu, niambie kweli, linahitaji kofia au halihitaji? Fedha isikutie wasiwasi. Wanangu wako mbali, hawaji kuniona, basi wananitumia pesa kwa aibu."

Mtaalamu akafikiri. Tangu afungue, hakuwahi kumwambia mtu linahitaji. Hao wengine walikuja kununua *hapana*. Bibi huyu alikuwa na pete zile, na wanawe walikuwa na aibu ile. Kumuuzia *hapana* kungekuwa ni kumdharau.

Akamweka chini ya draya. Bibi alikaa ametulia, mikono juu ya mkoba, akitabasamu ndani ya upepo. Akamlaza kwenye beseni, akamulika. Meno yalikuwa mazuri ya kushangaza kwa umri wake, yamepangika kama askari wa gwaride. Mtu mwingine angejiuliza. Sabuni alikuwa anaziangalia pete.

Akanyamaza. Akaguna. Akaenda dirishani, akarudi.

"Bibi, nitakuambia ukweli."

"Niambie, baba."

"Linahitaji kofia, tena limechelewa. Ufa umeshuka hadi kwenye ufizi. Mzizi umeanza kuoza. Neva imewaka."

"Unaiona hiyo neva?"

"Naiona kabisa. Inapepesa."

"Maskini mimi. Na hili la jirani yake?"

"Nalo limeshaambukizwa. Meno ni kama ndugu, bibi, mmoja akiumwa wote hawalali. Hata haya ya mbele nayaona yanalegea. Mizizi mirefu, lakini imechoka."

"Mizizi mirefu," bibi alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Akajiinua. Akaingiza kidole gumba kinywani, akasukuma, ikasikika sauti ndogo ya kubanduka. Akaitoa safu yote ya juu, meno na ufizi wake wa plastiki, akaiweka kwenye kiganja cha Sabuni. Ilikuwa na joto na unyevu kidogo.

"Haya, mzhukuu wangu," alisema, midomo imemwingia ndani. "Nionyeshe neva."

Nje ilipita gari la kuuza maji, likipiga kengele. Sabuni aliyatazama meno kiganjani, na meno yakamtazama.

Bibi akayachukua, akayapangusa kwa leso, akayarudisha mahali pake. Sauti yake ikanyooka.

"Usijisikie vibaya," alisema. "Mji mmoja niliambiwa jino la utoto ndiyo linaota. Mwingine alitaka kuyanyoosha kwa waya. Kila mtaa nikifika nauliza tu, jamani, hapa kuna mtaalamu wa bei nafuu? Sijawahi kukosa. Hii ndiyo pensheni yangu."

"Bibi, tuzungumze."

"Ndilo nililojia. Hapo ng'ambo kuna daktari wa kweli ambaye benchi lake limepungua, na mbele kidogo kuna kituo cha polisi. Nashindwa kuamua nianzie wapi, na miguu hii inaniuma."

Sabuni alitoa kilichokuwa kwenye mfuko wa joho. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakitia kwenye mkoba.

"Na cha kwenye kopo."

"Kopo gani, bibi?"

"Lile ulilolitazama niliposema polisi."

Akapanda kwenye kiti, akalishusha. Bibi hakuhesabu. Alimimina tu, akalipiga kopo makofi mawili chini ili kisibaki kitu, akafunga mkoba. Kisha akamtazama kijana aliyesimama mbele yake, rangi imemtoka, joho limemlegea mabegani, na uso wake ukapata huruma ya bibi wa kweli. Akachokora mfuko wa pembeni wa mkoba, akatoa peremende.

"Chukua, usije ukaanguka. Sukari itakurudisha."

Mtu aliyelelewa vizuri hakatai zawadi ya mkubwa wake, na Sabuni, pamoja na yote, alikuwa amelelewa vizuri. Akaitia kinywani. Peremende ilikuwa ngumu kama kokoto, akili ilikuwa kwenye mkoba, na meno yakaamua yenyewe upande wa kutafunia.

Safari hii mlio ulisikika chumba kizima.

Bibi aliinamisha kichwa kando, akasikiliza hadi mwisho, kama mtu anayejua kazi.

"Hilo sasa," alisema, "ndilo lililohitaji kofia."

Akatoka. Kwa mtu mwenye miguu mibovu alikwenda kasi ya kupendeza. Sabuni aliweza kufika mlangoni tu. Akitaka kupiga kelele za mwizi, kinywa kinakataa, na hata kingekubali, angewaambia watu ameibiwa nini, na nani, akiwa anafanya nini, amevaa joho la nani?

Dada yake alimkuta amejikunja chini ya draya, akilia bila sauti, chupa tupu ya rangi ya kucha pembeni yake. Alilitazama joho. Akaitazama simu iliyobaki ikiwaka tochi, jarida, na kopo lililolala chini. Akamaliza kuelewa kabla hajaweka pochi mezani. Alimshika sikio, lile la upande usiouma, akamvusha barabara.

Daktari alipanda kigoda chake. Alimulika, akagusa kidogo, Sabuni akainuka kitini kama mkate uliotiwa hamira.

"Habari njema na mbaya," alisema daktari. "Jino hili sasa halihitaji kofia."

Na hapo, aliyeyajua maneno hayo kuliko mtu yeyote mjini, aliyeyauza asubuhi baada ya asubuhi, alihisi utamu wake ukimshuka kifuani, na macho yakamng'aa kama ya mwenye duka la vyuma.

"Linang'olewa," alimalizia daktari. "Limepasuka vipande viwili hadi chini ya ufizi. Na juu yake kuna kitu kinang'aa, sijawahi kukiona. Nani alikwambia ungoje?"

"Mtaalamu mmoja."

"Wa ng'ambo? Nimesikia habari zake. Wagonjwa wangu wanarudi wananuka saluni. Bado yupo?"

"Amefunga," alisema Sabuni. Kisha ikaja sindano ya ganzi.

Alipotoka, nusu ya uso wake ilikuwa imehama. Ulimi ulilala kinywani kama kitu cha kuazima, na pamba ilijaa lilipokuwa gego. Kwenye benchi palikuwa pamejaa tena. Mwenye duka la vyuma alikuwa wa kwanza, shavu limevimba mara mbili ya awali, na pembeni yake wengine wengi ambao Sabuni aliwajua kinywa kwa kinywa. Mzee akasimama.

"Mtaalamu? Wewe ndiye au ni yule pacha?"

Sabuni alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, labda zuri kuliko yote aliyowahi kutunga, lenye daktari mwenziwe ndani yake, na mashauriano ya kitaalamu, na dawa mpya iliyo njiani. Akalitoa. Lilitoka kama maji yanayoshuka kwenye sinki lililoziba.

"Anasemaje?" mzee alimwuliza dada.

Dada alimtazama mdogo wake. Akafikiri juu ya chupa za rangi ya kucha, zile alizonunua na zile atakazonunua.

"Anaomba radhi," alisema. "Anasema atawarudishia fedha zenu zote."

Sabuni akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anasema na asiyekuwepo hapa aitwe."

Benchi zima lilisimama, likajipanga mstari vizuri mbele yake, mwenye duka la vyuma mbele, mkono mmoja shavuni na mwingine umenyooshwa. Sabuni akafungua kinywa kukanusha, na kilichotoka ni pamba.